Mrejesho: pikipiki iliyokuwa ikilia "tik" bila kuwaka

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita niliuliza kuhusu pikipiki yangu ya zamani, ambayo kila nilipobonyeza stata ilitoa sauti ya "tik" tu, ingawa kwa kiki iliwaka bila shida. Wengi mlinishauri ninunue betri mpya. Nashukuru kwamba sikuharakisha.

Betri ilisoma volti 12.6 ikiwa imetulia, na stata ilipobonyezwa haikushuka chini ya 11.8, hivyo yenyewe ilikuwa nzima. Ndipo nikafuata ushauri wa mmoja wenu: niliweka ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya injini, kisha nikabonyeza stata. Mita ilisoma volti 2.9, mahali ambapo hata nusu volti ingekuwa nyingi, yaani umeme ulikuwa ukipotelea njiani kabla ya kurudi kwenye betri.

Nilipofungua boliti inayoshikilia waya wa hasi kwenye injini, nilikuta kichwa cha waya kimeota ukoga wa kijani, na chini yake kutu ambayo kwa nje haikuonekana kabisa. (Pikipiki hulala nje, huku Kirumba karibu na ziwa, nami huiosha kwa pampu kila Jumapili, lawama ni zangu.) Nilisugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu yake. Sasa mita inasoma 0.2, na stata inaizungusha injini mara moja, hata asubuhi ya mvua.

Rilei (swichi ya umeme inayopeleka moto kwenye stata) niliyokuwa nimeshainunua bado imo kwenye boksi lake. Muuzaji amekataa kuipokea.