Maelezo ya skripti ya kutoa ripoti DHIS2: mnayaandikaje ili wakala wa AI asiigeuze ripoti isiyokuja kuwa sifuri?

takwimu_wilayani
Wakuu, habari za muda huu. Nipo kitengo cha takwimu za afya ngazi ya wilaya. Nina skripti ndogo inayovuta takwimu za mwezi kutoka DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na kuzitoa kama faili la CSV (jedwali la maandishi matupu). Tukiiendesha wenyewe haina shida, maana kila mtu hapa anavijua vitabu vya MTUHA (rejesta za taarifa za huduma za afya) na akikwama ananiuliza. Sasa wenzangu wanamwachia wakala wa AI (programu inayoendesha amri yenyewe) aiendeshe kisha awaandikie muhtasari wa kikao.

Juzi muhtasari ukaja unasema zahanati kadhaa "hazikuwa na mgonjwa wa malaria" mwezi mzima. Tena msimu wa mvua! Ukweli ni kwamba zahanati hizo zilikuwa hazijaleta ripoti. Kwenye CSV hazimo, wakala akazijazia sifuri. Kikao kikiamini hivyo, vipimo vya haraka na dawa mseto vitapelekwa kwingine na wagonjwa wapo palepale. Jambo hili linaninyima usingizi.

Maelezo niliyoyaweka ni haya tu:

`dx: kiashiria`
`pe: kipindi`
`ou: kituo`

Nyie mnaandikaje?

fundi_api
Mkuu, mpe wakala skripti yenyewe aisome. Msimbo umeshaeleza kila kitu, maelezo ya nini tena?

binti_wa_data
Hapo sikubaliani nawe, fundi. Msimbo unaeleza skripti inafanya nini. Hauelezi kituo kukosekana kwenye faili kuna maana gani, na shida ya mwenzetu iko hapo.

DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri, mpaka kipengele cha data kiwekewe mpangilio wa kuihifadhi. Kwa hiyo kituo kisichoonekana huenda kimeripoti sifuri, au hakijaripoti kabisa. Ukitazama CSV peke yake huwezi kutofautisha, uwe mtu au mashine. Takwimu, rekebisha skripti kwanza: ianze na orodha kamili ya vituo, ivute pia REPORTING_RATE (kiwango cha kuripoti) ya fomu husika, halafu iongeze safuwima "imeripoti" yenye ndiyo au hapana. Ndipo uandike kanuni bila kuzungukazunguka: "Kituo chenye hapana usikipe sifuri. Kitaje kwa jina kwamba hakijaripoti."

Kwenye `pe` usiishie kusema "kipindi", weka mifano. Machi 2025 ni 202503, robo ya kwanza ni 2025Q1, mwaka wa fedha unaoanza Julai 2024 ni 2024July. Na ueleze kwamba LAST_12_MONTHS (miezi 12 iliyopita) haihesabu mwezi tulio nao. Usipoeleza, mtu atapambana na jumla zisizolingana hadi jioni.

Kwenye `ou`, kitambulisho kina herufi na tarakimu 11. Wakala akikikosa anaweza kubuni kinachofanana nacho. Mpe amri ya kutafuta kituo kwa jina, na umwambie vikija viwili vya jina moja asimame aulize. Hizi "Zahanati ya Majengo" ziko ngapi nchi hii?

mlinda_seva
Naongezea. Ujumbe wa kosa nao ni maelezo, tena wakala anausoma papo hapo alipokwama. "Kosa 409" halimsaidii. Andika: "Kipindi 'Machi 2025' hakikubaliki, tumia 202503." Hapo anajirekebisha mwenyewe.

Eleza pia kwamba majedwali ya uchambuzi ya DHIS2, ambako skripti huvuta takwimu, hujengwa upya kwa ratiba, mara nyingi usiku. Ripoti iliyoingizwa leo asubuhi isipoonekana, asiendeshe amri tena na tena, haitatokea.

Akaunti anayotumia iwe ya kusoma tu. Na asiguse kabisa taarifa za mgonjwa mmojammoja, aishie kwenye jumla za kituo. Usitegemee maelezo kumzuia, zuia kwenye ruhusa za akaunti. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na za afya ni nyeti.

fundi_api
Hiyo ya sifuri sikuijua. Nimekuelewa, binti.

takwimu_wilayani
Asanteni sana wakuu. Nimeongeza safuwima, na maelezo ya `ou` sasa yanasomeka hivi:

`ou: kitambulisho cha kituo, herufi na tarakimu 11. Usibuni. Kipate kwa: tafuta-kituo "jina". Yakija majibu zaidi ya moja, muulize mtumiaji.`

Nimemjaribu wakala kwa mwezi uleule. Safari hii ameorodhesha zahanati ambazo hazijaripoti, kwa majina, juu kabisa ya muhtasari, na hata mratibu wa malaria ameanza kuwapigia simu waganga wafawidhi.

Bado nina moja: ripoti zinazochelewa. Faili la Machi lililotolewa tarehe 8 Aprili halilingani na la tarehe 20, na wakala anayalinganisha kama vile wagonjwa wameongezeka.

binti_wa_data
Weka tarehe ya kutolewa kwenye jina la faili na kwenye safuwima ya kwanza. Kisha andika: "Mafaili mawili ya mwezi mmoja yakitofautiana tarehe, tumia la karibuni, la zamani usilinganishe nalo."