Binadamu wa kale alianzaje kutembea wima, na kwa sababu gani?

Baba Amani, Kayole

Wanajukwaa, nawasalimu. Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu, aliye gredi ya saba, kwenye Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, na tukasimama kwa muda mrefu mbele ya mifupa ya yule binadamu wa kale aitwaye Mvulana wa Turkana. Akaniuliza ni kwa nini babu zetu waliacha kutembea kwa miguu minne. Nilimjibu kama nilivyofundishwa shuleni, kwamba misitu ilikauka, wakashuka mitini, wakasimama ili waweze kuona simba juu ya nyasi ndefu. Akaniambia: "Baba, nyani wa Mbuga ya Nairobi nao wanaishi kwenye nyasi na wanamwogopa simba, mbona hawajasimama?" Sikuwa na jibu. Naomba mwenye ujuzi anisaidie, nami nimweleze mtoto jambo la kweli.

Mwalimu wa Baiolojia, Buruburu

Baba Amani, mpongeze binti yako, kwa kuwa swali lake linagusa mahali hasa ambapo maelezo ya vitabu vya zamani yanapwaya.

Tuanze na nyakati. Mvulana wa Turkana, ambaye mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1984 na Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu, aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, na kufikia wakati wake kutembea wima kulikuwa jambo la kale sana. Huko Laetoli, Tanzania, zipo nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.66 iliyopita, na kidole gumba cha mguu kimeelekea mbele sambamba na vingine, si kando kama cha sokwe. Hapa kwetu Kanapoi, karibu na Ziwa Turkana, mfupa wa muundi wenye zaidi ya miaka milioni 4 una umbo la mguu unaobeba uzito wote wa mwili. Nyuma zaidi, katika vilima vya Tugen kule Baringo, mwaka 2000 kulipatikana mabaki ya kiumbe aitwaye Orrorin tugenensis, wa miaka kama milioni 6, ambaye mfupa wake wa paja una dalili za kusimama.

Sasa linganisha na mambo mawili. Zana za mawe za kale zaidi zinazojulikana, zile za Lomekwi magharibi mwa Turkana, ni za miaka milioni 3.3. Naye Lucy, kiumbe wa kale ambaye mabaki yake yalipatikana Ethiopia, aliyeishi miaka milioni 3.2 iliyopita na kutembea kwa miguu miwili, alikuwa na ubongo usiozidi sana ule wa sokwe mtu. Kwa hiyo hatukusimama kwa sababu tulikuwa na akili nyingi, wala ili tushike mawe. Miguu ilitangulia.

Baba Amani, Kayole

Mwalimu, ahsante sana. Mimi siku zote nilidhani ubongo ndio uliotangulia. Lakini binti yangu, ambaye anasoma haya pamoja nami, anasema bado hujamjibu kuhusu nyani.

Mwalimu wa Baiolojia, Buruburu

Ana haki ya kudai. Nyani ametokana na wanyama waliotembea juu ya matawi kwa miguu minne, mgongo ukiwa umelala, kwa hiyo aliposhuka chini aliendelea na mwendo ule ule aliokuwa nao. Ukoo wetu na wa sokwe ulitokana na wapandaji waliozoea kukwea shina na kuning'inia kwa mikono, kifua kikiwa kimeinuka. Hata leo orangutani hutembea juu ya matawi kwa miguu huku akishikilia matawi ya juu. Mnyama wa namna hiyo ana nusu ya safari tayari mwilini mwake kabla hajaigusa ardhi. Kumbuka pia kiumbe wa Ethiopia aliyeishi miaka milioni 4.4 iliyopita, Ardipithecus ramidus: aliweza kusimama, lakini kidole gumba cha mguu wake bado kilishika matawi, na aliishi kwenye miti. Hilo linaidhoofisha sana hadithi ya nyasi ndefu.

Kuhusu faida, mimi naipa uzito ile ya nishati. Watafiti waliowapima sokwe mtu na binadamu wakitembea, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, waliona kwamba binadamu hutumia takriban robo tu ya nishati anayotumia sokwe. Miti yenye matunda ilipozidi kuachana, aliyefika kwenye mti wa pili bila kuchoka, tena akiwa na chakula mikononi, alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kulea watoto wake. Wapo wanaotaja pia kwamba mwili uliosimama hupigwa na jua kidogo wakati wa adhuhuri. Naona hoja hiyo ni ya baadaye, walipohamia kwenye uwanda, kwa sababu kivulini haina nguvu.

Mtaalamu wa Viungo, Ngara

Naongeza jambo moja kutoka katika kazi yangu, ambako kila siku nawahudumia watu wenye maumivu ya kiuno, nayo ni sehemu ya gharama tunayolipa kwa kuubeba mwili wote juu ya uti wa mgongo mmoja uliopinda mara kadhaa. Nyonga zetu ni fupi na zimezunguka kama bakuli, hivyo misuli ambayo kwa sokwe iko nyuma, kwetu imehamia pembeni. Sokwe akisimama huyumba huku na huku kwa sababu hana msuli wa kumshikilia ubavuni anapoinua mguu mmoja. Dada mdogo, simama kwa mguu mmoja, weka kiganja chako ubavuni mwa nyonga ya mguu uliosimamia, chini kidogo ya kiuno, na utahisi msuli huo ukikaza.