Naomba ushauri: santuri za zamani za mama mkwe

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naishi Ohio, Marekani, na familia ya mume wangu. Mama mkwe alikulia hapa miaka ya 1950, enzi nyumba nzima ikikusanyika jioni mbele ya televisheni moja kumtazama mchekeshaji Lucille Ball, au mwimbaji Elvis Presley alipotokea kwenye kipindi cha Ed Sullivan mwaka 1956. Sasa kumbukumbu zinampotea, lakini akisikia muziki wa wakati ule anachangamka, anasimulia mpaka raha.

Ana sanduku la santuri: ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zile zenye tundu kubwa katikati, na nzito za mizunguko 78. Nimempigia nyimbo hizohizo kwenye simu, hazimgusi. Anataka aone sahani ikizunguka. Nimenunua mashine yenye spidi zote tatu (33, 45 na 78). Za 45 zinalia vizuri. Za 78 nasita kuziweka, maana mifereji yake ni mipana na sindano iliyokuja na mashine ni nyembamba.

Je, nikizipiga hivyohivyo zitaharibika, au lazima nitafute sindano yake? Na vumbi nilifute kwa kitu gani, maana spiriti inayeyusha shelaki, ule utomvu mgumu uliotumika kutengeneza santuri za 78?

Natanguliza shukrani.