Wazee kuogeshwa saa tisa usiku ili zamu ya mchana wakute kumependeza: nani alipitisha hii?

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee hapa Mombasa. Jina silitaji, mshahara wa mwisho wa mwezi bado nautaka. Niko zamu ya usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kuna karatasi imebandikwa kwenye mlango wa stoo. Yasema ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi wazee wote wawe wameoshwa, wamevaa, vitanda vimetandikwa, na wenyewe wamekaa vitini. Wote! Wazee ni 19. Usiku tuko wahudumu wawili. Wanne kati ya hao wamepooza upande mmoja, hawainuliwi na mtu mmoja labda kama wataka kuvunja mgongo wako na mguu wake. Haya, pigeni hesabu. Mpe kila mzee dakika 20, na hizo ni za mbio, bila kumpaka mafuta vizuri. Wale wanne muwashike pamoja. Utapata lazima muanze kabla ya saa tisa usiku, na hapo hakuna aliyeita, hakuna aliyejichafua, hakuna wa kugeuzwa. Usiku wa namna hiyo mimi sijauona.

Sasa fikiria wewe ndiye uliyelala. Saa tisa, taa inawashwa usoni, shuka inavutwa, mtu anakwambia "Bibi, twende tukaoge." Tunaye bibi mmoja mwenye maradhi ya kusahau. Mchana ni mpole, atakushika mkono akuulize umekula. Akiamshwa gizani hajui yuko wapi wala sisi ni nani. Juzi amekamata ukingo wa kitanda kwa mkono mmoja na nywele zangu kwa mwingine, analia kumwita mamake. Asubuhi kitabu cha ripoti kikaandikwa kwamba ana ukorofi na daktari aangalie dawa za kumtuliza. Yaani dawa! Kwa sababu hakutaka kuvuliwa nguo usiku wa manane.

Na msiniambie Mombasa hakuna baridi. Jikoni hufungwa usiku, gesi hatuigusi, tuna birika moja la umeme. Mfereji ukikauka, na mwajua unavyokauka, twachota maji ya kisima, yale ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu. Ngozi ya mtu wa miaka 80 ni nyembamba, ukisugua kwa haraka inachubuka. Kaoge maji hayo alfajiri ya Julai, upepo wa kusi unapita dirishani, kisha uje hapa tubishane.

Wakishaoshwa, vitini. Chai inakuja saa mbili, na hiyo ni siku njema. Kwa hivyo aliyeanza kuoshwa anakaa pale zaidi ya saa nne, kichwa kimeanguka kifuani, mate yanamtoka, uzito wote uko makalioni. Kitandani twaambiwa tumgeuze kila baada ya saa mbili asitoke vidonda, na fomu twajaza na kutia sahihi. Kitini hakuna fomu, basi kidonda kitamhurumia? Kuna mmoja sehemu ya mfupa wa mkia imeanza kuwa nyekundu na ukibonyeza haibadiliki rangi. Kila muuguzi anajua hicho ni kidonda kinaanza.

Chai nayo inachelewa kwa nini? Jikoni wanangoja wa mchana wabebe sahani. Wa mchana wanangoja ripoti. Ripoti inangoja wafike wote, na wanaotoka Likoni wako kwenye feri. Feri naielewa, mimi mwenyewe navuka. Lakini wenye sukari washachomwa sindano, na ile insulini ya kabla ya chakula inataka chakula kifuate mara moja. Kisipofuata sukari inashuka mno, mtu anaanza kutoka jasho, kutetemeka, kuropoka. Wanasema mzee amechanganyikiwa. Mpeni uji!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliyeandika ile karatasi hakuuliza mzee hata mmoja. Hii ni Mombasa. Wazee wetu wengi ni Waislamu, wanaamka wenyewe na adhana ya alfajiri. Wanachotaka saa hiyo chajulikana: nepi itolewe, wasafishwe kwa maji, kanzu au dera lisiwe na najisi, watawadhishwe, waelekezwe kibla wasali wakiwa wamekaa. Kazi hiyo ni ya usiku na sijawahi kuilalamikia. Tunaye mzee mmoja alifanya kazi bandarini Kilindini ujana wake wote. Sala ikimpita, chai haigusi. Kwa vile chumba chake ndicho cha kwanza kwenye korido, karatasi inafanya tumuoshe saa tisa. Ikifika adhana ameshajikojolea tena, na sisi wote wawili tuko chumba cha mwisho tumeshikilia mtu wa kuinuliwa. Nasikia ananiita, "Mwanangu, wakati unakwenda." Nimemuosha, nimeandika nimemuosha, na sala imempita.

Na kuna mwalimu mstaafu, yeye hataki kuona mtu kabla ya saa moja na nusu. Anasema kengele alizipiga miaka mingi, sasa hataki za watu. Ana makosa gani?

Meno ya bandia ndiyo usiseme. Usiku twaambiwa ni kazi ya mchana, mchana wanasema ni ya usiku, na mzee anatafuna mahamri kwa fizi huku meno yake yako kwenye glasi.

Nataka hivi. Usiku tubaki na kugeuza, nepi, kutawadhisha, na kumuosha anayeamka mwenyewe akataka. Wengine waogeshwe mchana, hata saa nne, hata baada ya saa sita. Mchana kuna wahudumu watano na nesi. Wale wanne wa kuinuliwa waoshwe wakati zamu zinapishana, tukiwa wengi, na anayebakia au kuwahi alipwe. Kanuni za mishahara ziko wazi: saa 52 kwa wiki kwa wa mchana, 60 kwa wa usiku, zaidi ya hapo ni ovataimu ya mara moja na nusu. Na Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee aishi kwa heshima na asidhulumiwe. Kumvua mtu nguo saa tisa usiku kwa ajili ya ratiba mwaiitaje?

NYONGEZA, jioni: Nimesoma majibu. Dada wa zamu ya mchana unayesema usiku twalala na kuchezea simu, njoo wiki moja tubadilishane, mimi niko tayari. Siwasemi nyinyi mnaobeba, nasema aliyepanga.

Aliyeuliza kama tumeongea na metroni: tumeongea. Jibu lake ni kwamba watoto wao ndio wanaolipa, wakija wakute wazazi safi. Hao watoto hawafiki kabla ya saa nne, na wengi huja Jumapili tu.

Kaka uliyesema kwenu kila mzee amebandikiwa juu ya kitanda saa anayotaka kuamka na kama ataka kutawadhishwa, hiyo nimeipenda. Tuna kikao Jumanne. Mwenye ratiba ya namna hiyo aipige picha aiweke hapa, majina ya wazee na ya nyumba ayafunike, niende nayo mkononi.