H. pylori bila antibayotiki, kuna aliyepona?

tumbo_moto
Habari zenu wakuu. Nilipima choo nikaambiwa nina H. pylori, yule bakteria wa tumboni, nikapewa dozi ya siku 14, vidonge vya kupunguza asidi na antibayotiki mbili. Siku ya nne nikashindwa, mdomo umekuwa kama nanyonya sarafu, natapika, naharisha, nikaacha. Sasa kila mtu ana lake, mara kitunguu saumu, mara asali, mara juisi ya kabeji. Kuna aliyepona kabisa bila antibayotiki? Nijibuni ukweli maana usiku silali, panawaka hapa kwenye chembe cha moyo.

dada_tuli
Pole sana ndugu yangu. Mimi nilikunywa asali na maji ya kabeji miezi mitatu, kiungulia kikapungua kweli nikajua basi nimepona, kwenda kupima mdudu yuko palepale. Nafuu unaipata ila yeye hang'oki.

nesi_wa_zamu
Dada kasema kweli. Huyu bakteria anajichimbia kwenye ule ute unaofunika ukuta wa tumbo, halafu anatoa kimeng'enya kinaitwa yurease kinachotengeneza amonia ya kuzima asidi pale alipo, ndo maana anaishi mahali ambapo wenzake wanakufa. Kitunguu saumu maabara kinamuua, walipojaribu kwa watu hakikumtoa. Probayotiki (vijidudu rafiki wa tumbo) zenye Lactobacillus au Saccharomyces boulardii zinasaidia, zinapunguza kuharisha ili uweze kumaliza dozi, lakini zinakwenda pamoja na dawa sio badala yake.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo kuacha siku ya nne, wadudu waliobaki wanaweza kuwa sugu. Tafadhali usianze tena vile vidonge vilivyobaki. Rudi kwa daktari umwambie wazi kilichokushinda, hiyo ladha ya chuma huletwa sana na antibayotiki za metronidazole au clarithromycin, na mchanganyiko sio mmoja tu. Kuna wenye dawa ya tumbo iitwayo bismuth, huo choo kinakuwa cheusi usishtuke. Ila kama huitumii na choo kikawa cheusi kama lami, au ukatapika damu, hospitali saa hiyo hiyo.

mzee_kijana
Naongezea, daktari Barry Marshall wa Australia mwaka 1984 alimnywa huyu mdudu makusudi kuonyesha kwamba ndiye anayeunguza tumbo, akaumwa kweli, na antibayotiki alikunywa. 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel. Na tangu 1994 anahesabiwa kati ya visababishi vya saratani, kwa hiyo mdogo wangu usimwache humo.

tumbo_moto
Asanteni sana. Kesho narudi kwa daktari na maboksi yote ya dawa nimwonyeshe. Nikimaliza nitajuaje katoka?

nesi_wa_zamu
Subiri angalau wiki 4 baada ya dozi upime choo au kile kipimo cha kupuliza pumzi. Cha damu achana nacho, kinaweza kuendelea kusoma unaye hata kama umeshapona. Na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazole uiache wiki 2 kabla ya kupima (muulize daktari kwanza), la sivyo kipimo kitakudanganya kwamba hayupo.