Kalamba kidole, akasugua bango langu la sinema la 1978, halafu kaniambia nimepigwa

Wakuu, mods naomba uzi huu usiunganishwe na mwingine. Nina hasira hadi mikono inatetemeka.

Jina sitaji, mnamjua. Yule wa lenzi shingoni, anayejiita profesa wa mabango ya sinema kila Waswahili wa huku Yokohama tukikutana. Jana kaja kwangu, nikampa chai na sambusa. Kala sita, nilihesabu. Nikatoa bango langu la Star Wars, saizi ya B2 ya Kijapani, lile nililolisaka Jimbocho, mtaa wa vitabu vya zamani kule Tokyo, duka hadi duka mwaka mzima. Halijawahi kukunjwa. Nikatandika shuka jeupe mezani, nikanawa mikono, nikalilaza kama mtoto mchanga.

Bwana yule akalamba kidole. AKALAMBA KIDOLE, kile kile cha sambusa, akasugua kona ya chini! Eti "naangalia kama wino unatoka."

Si una lenzi? Itumie! Rangi ya ofseti, ile mashine ya kiwanda cha uchapaji, ni vinukta vinukta, ukikuza unaviona vimejipanga. La kuchapwa juzi kwa printa ya wino ya nyumbani haliwi hivyo. Sekunde tano tu angejua. Yeye akaona mate ndiyo kipimo.

Halafu akacheka mbele ya mke wangu: "Mdogo wangu, Star Wars ni ya 1977, wewe unanionyesha bango la 1978. Umepigwa." Profesa huyo! Japani ilionyeshwa majira ya joto ya 1978, mwaka mzima baada ya Marekani. Hilo hata paka wa Jimbocho anajua.

Na doa lipo. Duara la mafuta, ukilielekeza kwenye taa karatasi inapitisha mwanga kama ya kufungia vitumbua. Bango limenusurika jua, mende na mitetemeko ya ardhi miaka zaidi ya 40, limekuja kumalizwa na mate. Kidole, wakuu. Kidole!

Wakati wa kuondoka akaomba afungiwe sambusa.

Mzee wa Kontena: Ulimfungia?

Mleta uzi: Mke wangu kamfungia nne. Hiyo siyo mada.

Binti Tanga: Pole kaka. Ila sambusa sita kwa mtu mzima mbona kawaida? Za nyama au dengu?

Chura Mkavu: Wewe ulimtandikia shuka, akadhani ni chakula kinaletwa 😂

Mleta uzi: Cheka tu. Siku akija kwako utaficha hadi kalenda.

Fundi Saa: Afadhali wewe una doa. Mimi niliagiza bango, ikaja bahasha. Kufungua, chirashi! Kile kikaratasi cha B5, kama sentimita 18 kwa 26, kinachogawiwa bure kwenye kumbi za sinema. Nimelipia kitu cha bure.

Mwana Pangani: Mimi niliuziwa bango la Gojira, yaani Godzilla, "ya 1954". Kufika, ni ya 1984. Filamu mbili, jina moja, na zote za kampuni ya Toho. Muuzaji ananijibu eti sikuuliza Gojira yupi.

Nukta Nne: Usilie mkuu, bango la hiyo ya 1984 kalichora Noriyoshi Ohrai, aliyechora na la The Empire Strikes Back, Star Wars ya pili. Kama huitaki niuzie.

Mwana Pangani: Siuzi.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye kidole.

Mzee wa Kontena: Mnalilia makaratasi. Mimi gari imetoka huko huko Japani, dashibodi inasoma kilomita elfu 60. Kiti cha dereva kimebonyea kama kitanda cha kamba, pedali ya breki mpira umeisha hadi chuma. Wamerudisha kilomita!

Dogo Ilala: Karatasi ya mnada uliomba?

Mzee wa Kontena: Karatasi gani tena?

Dogo Ilala: Ile ya mnada wa magari huko Japani, inaandikwa hali ya gari na kilomita zake. Basi hapo ndipo walipokupatia. Gari gani?

Mleta uzi: Alilamba KIDOLE.

Mzee wa Kontena: Noah. Na giaboksi inagonga.

Binti Tanga: Inagonga ikiwa baridi au ikishapata moto? Ya shemeji yangu ilianza hivyo hivyo.