Mrejesho: behewa langu la Reli ya Kati limechakaa vizuri

Wakuu, niliuliza namna ya kulichakaza behewa dogo la mizigo la modeli, yaani treni ndogo ya kuigiza, nililolipaka rangi ya maji, lionekane limepita Dodoma miaka mingi, bila rangi ya chini kuharibika. Kazi imekamilika na nimefurahi mno.

Ushauri uliobeba kila kitu ni ule wa vanishi ya kung'aa kwanza. Niliiacha ikauke kabisa, ndipo nikapitisha rangi ya mafuta ya kahawia, niliyoizimua kwa waiti spiriti (kiyeyusho cha rangi ya mafuta) hadi ikawa nyepesi kama chai ya rangi. Juu ya uso laini inakimbilia yenyewe kwenye mifereji na kuzunguka ribiti, vile vichwa vya misumari inayounga mabati. Uso usiong'aa ungeinywa na kubaki na madoa. Iliyozidi niliifuta kwa brashi yenye waiti spiriti kidogo sana, nikivuta kutoka juu kwenda chini, jinsi mvua inavyoshusha kutu. Hapo msiharakishe, ndipo uzuri wote ulipo.

Mwisho vanishi isiyong'aa. Vumbi jekundu nimeliweka chini tu, karibu na magurudumu. Madirisha yawe wazi muda wote, mvuke wa waiti spiriti ni mkali.

Sasa naanza injini ya dizeli. Aliyewahi kuweka masizi kwenye paa, naomba anielekeze.